Jinsi ya Kuandika Hadithi ya Kutisha ya Zama za Tauni: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Waandishi chipukizi hunitumia miswada ya hadithi za kutisha niisome, na ile inayohusu tauni ya Ulaya ya karne ya 14 hufika mingi kuliko nyingine. Karibu yote hutumbukia shimo moja. Kuna daktari mwenye kinyago cha mdomo wa ndege, kuna ukungu, kuna kunguru, maiti zinafufuka, watu wanakimbia. Nikifika ukurasa wa tatu sijaogopa hata kidogo.

Waandishi hawa wanajua kuandika. Tatizo ni kwamba kila mmoja ameandika hofu yake yeye mwenyewe, yaani hofu ya kufa. Mkulima wa Uingereza wa mwaka 1349 aliogopa kufa pia, lakini lililomkosesha usingizi zaidi lilikuwa kufa ghafla, bila padri, dhambi zake zikiwa bado mdomoni. Ukilielewa hilo, hadithi yako itatisha bila hata tone la damu. Mwongozo huu wote umejengwa juu yake.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari moja kwa hadithi hii tu.
- Ramani ya eneo moja dogo. Ramani ya Ulaya nzima haitakusaidia.
- Kalenda ya Kanisa ya mwaka uliouchagua: sikukuu, siku za kufunga, tarehe ya Pasaka.
- Biblia ya Kiswahili, ikiwezekana tafsiri ya zamani.
- Ukurasa mmoja wa daftari wenye kichwa "Marufuku". Utaujaza kadiri tunavyokwenda.
- Wiki tatu. Mbili za kujiandaa, moja ya kuandika rasimu ya maneno kama 4,000.

## Hatua ya 1: Chagua kijiji kimoja na wiki chache

Usiandike "Ulaya wakati wa tauni". Tauni ilikuwa na njia yake na tarehe zake. Iliingia Messina, Sicily, kwa meli za Genoa mwezi Oktoba 1347. Nchini Uingereza ilifikia bandari ndogo ya Melcombe, pwani ya Dorset, kiangazi cha 1348. Kufikia vuli ilikuwa London. Norway iliipata mwaka 1349, kupitia bandari ya Bergen. Kila mahali watu walikuwa wamesikia habari zake kabla haijafika, na huko kusubiri ni hazina kubwa kwa mwandishi.

Kwa mfano wetu tuchukue kijiji cha Somerset, magharibi mwa Uingereza, Februari 1349. Kwa nini Februari? Fungua kalenda. Tarehe 2 ni sikukuu ya mishumaa, kila kaya inapeleka mshumaa kanisani ubarikiwe. Mwaka ule Pasaka iliangukia 12 Aprili, kwa hiyo Jumatano ya Majivu ilikuwa 25 Februari. Una siku 23 kati ya mshumaa na majivu. Hadithi imekwisha kupata mlango wa kuingilia na wa kutokea kabla hujabuni mhusika hata mmoja.

Utajua umefaulu ukiweza kujibu bila kufikiri: leo ni siku gani, nani kazikwa jana, na kengele ya kanisa inapigwa na nani.

## Hatua ya 2: Ujue ugonjwa, kisha uwafiche wahusika

Wewe unapaswa kujua kwamba tauni huletwa na bakteria aliyetambuliwa na Alexandre Yersin mwaka 1894 huko Hong Kong, na kwamba viroboto wa panya humleta kwa binadamu. Tauni haijatoweka: Lushoto, mkoani Tanga, ilianza kuripoti wagonjwa mwaka 1980 na ikaendelea kuwapata kwa miaka mingi. Siku hizi inatibika kwa antibiotiki ikiwahiwa.

Dalili zake zina ratiba, nawe uifuate. Siku mbili hadi sita baada ya kuumwa na kiroboto: homa ya ghafla, kutetemeka, kichwa kugonga, kisha uvimbe wa tezi. Boccaccio, aliyeishi Florence wakati huo, aliandika kwamba uvimbe ulitokea kinenani au kwapani, mwingine mkubwa kama tofaa, mwingine kama yai. Kiswahili tayari kina neno: mtoki. Litumie. "Alikuwa na mtoki kwapani" inagusa mwili kuliko "alikuwa na uvimbe wa kutisha".

Tauni ya mtoki isiyotibiwa huacha baadhi ya wagonjwa hai. Ile inayoingia mapafuni, mtu akakohoa damu, karibu humaliza wote, tena kwa siku chache tu. Tofauti hii ni ya thamani sana kwako. Mtu aliyeugua mtoki akapona atatazamwaje na jirani aliyezika watoto wake wote?

Onyo: mhusika yeyote asijue haya. Mwezi Oktoba 1348 maprofesa wa tiba wa Chuo Kikuu cha Paris walimwandikia mfalme kwamba chanzo ni kukutana kwa sayari za Zohali, Mshtarii na Mirihi mwaka 1345, jambo lililochafua hewa. Kama hao ndio waliokuwa wasomi, mkunga wa kijijini atajuaje habari za viroboto? Panya na wafe nyuma ya gunia la shayiri, paka awanuse aondoke, na mtu asiseme neno. Msomaji wako atajua. Ataona mtoto anaegemea gunia lile na atataka kupiga kelele.

## Hatua ya 3: Tafuta hofu yenyewe

Hapa ndipo miswada mingi hufa, kwa hiyo nakuomba uende polepole.

Mkristo wa wakati ule alijua namna ya kufa vizuri. Padri anakuja na mshumaa na kengele ndogo, unaungama, unapokea Komunyo, unapakwa mafuta, majirani wanasali kando ya kitanda. Ukifa hivyo unakwenda toharani, na misa za walio hai zinakusukuma kuelekea mbinguni. Ukifa ghafla, dhambi kubwa haijaungamwa, unaweza kupotea milele. Basi mapadri wakaanza kufa. Walikuwa wakiinama juu ya midomo ya wagonjwa kusikia maungamo, na wengi waliambukizwa hapo hapo. Wengine walikimbia.

Mwezi Januari 1349, Ralph wa Shrewsbury, askofu wa Bath na Wells, aliandika barua isomwe kwa waumini wa jimbo lake, yaani Somerset. Alisema mapadri hawapatikani wa kwenda kwenye parokia zilizoachwa wazi. Kwa hiyo anayekufa na amwungamie mtu yeyote, hata mlei, na kama mwanamume hayupo, hata mwanamke. Padri wa kupaka mafuta akikosekana, imani itoshe. Na huyo mlei atakayesikia maungamo amefungwa na sheria ya Kanisa kuyatunza siri.

Isome tena barua hiyo taratibu. Askofu mzima anakiri kwamba milango imefungwa, na funguo zimewekwa mikononi mwa jirani yako.

Sasa tengeneza mhusika kutokana na barua hiyo. Tumwite Agnes, mkunga. Tayari Kanisa linamruhusu kubatiza mtoto mchanga aliye katika hatari, kwa hiyo watu wamezoea kuona mikono yake ikifanya kazi ya padri. Padri wa kijiji amekufa. Wagonjwa wanamwita. Kufikia katikati ya Februari amebeba maungamo ya watu saba, na hawezi kumwambia mtu. Mmoja wao, mkulima wa makamo, aliungama kwamba alihamisha jiwe la mpaka wa shamba la jirani yake, mjane. Alikufa kabla ya kulirudisha.

Angalia dhambi ilivyo ndogo. Usichague mauaji. Jiwe la mpaka linatosha, kwa sababu kuungama peke yake hakukutosha: kilichoibwa lazima kirudishwe. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji somo hapa. Amesimama msibani mara nyingi akasikia ikitangazwa kwamba anayemdai marehemu ajitokeze. Anajua vizuri sana deni la maiti ni nini.

Zoezi: andika ukurasa mmoja, mhusika wako akisikiliza maungamo ya mtu anayekufa. Usieleze anachohisi. Andika anachofanya kwa mikono yake. Wengi wetu tuliozika mwaka 2020, watu wachache makaburini na hakuna aliyeruhusiwa kukaribia, tunakumbuka mikono ilivyokosa pa kushika. Anzia hapo.

Utajua umefaulu ukimsomea mtu ukurasa huo naye akauliza, "Sasa Agnes atafanyaje?" kabla jambo lolote la ajabu halijatokea.

## Hatua ya 4: Kiumbe kimoja, sheria moja

Sasa ndipo unaruhusiwa kuleta visivyo vya kawaida. Leta kimoja tu, kitoke katika imani ya mahali pale pale, na kiwe na sheria unayoweza kuiandika kwa sentensi moja. Nitakupa mifano mitatu ya kweli.

Pesta, Norway. Simulizi za huko zinamtaja bibi kizee anayezunguka mabondeni na reki na ufagio. Akipita na reki, wengine watapona, kwa maana meno ya reki huacha nafasi. Akifagia kwa ufagio, hakuna atakayebaki. Sheria yake imekamilika: unachoogopa ni kifaa alichoshika. Hebu fikiria mtoto anachungulia dirishani na mama anamwuliza swali moja tu: "Ameshika nini?"

Maiti anayeambukiza, kaskazini mwa Uingereza. Mwishoni mwa karne ya 12, William wa Newburgh aliandika habari za wafu waovu waliotoka makaburini usiku, na pumzi yao ikajaza nyumba maradhi. Watu waliwafukua na kuwachoma moto. Hapa mfu mwenyewe ndiye tauni.

Mfu mwenye deni, Yorkshire. Mnamo mwaka 1400 mtawa wa abasia ya Byland aliandika visa vya mizuka vya eneo lake. Katika kimojawapo, mshona nguo aitwaye Snowball alikutana usiku na roho yenye umbo la kunguru, cheche za moto zikimtoka ubavuni. Roho ile haikutaka kumuua. Ilitaka aitafutie ondoleo la dhambi na misa 180.

Mimi humpenda huyu wa tatu kuliko wote, na ndiye anayemfaa Agnes. Sheria: *mfu hurudi mpaka kilichoibwa kirudishwe, na kila usiku hufika karibu zaidi.* Usiku wa kwanza yuko kwenye jiwe la mpaka. Wa pili, kisimani. Wa tatu, mlangoni kwa aliyebeba siri yake. Agnes akimweleza mjane, amevunja siri ya maungamo na kuiweka roho yake mwenyewe hatarini. Akinyamaza, mfu atabisha hodi. Amebanwa pande zote mbili, na zote mbili ni za imani.

Onyo: usichanganye. Pesta hana kazi Somerset. Na usimhamishe popobawa kutoka Pemba ukamvika koti la sufu. Popobawa anatisha Pemba kwa sababu ni wa Pemba.

Onyo jingine, nalo ni zito. Wakati ule ulienea uvumi kwamba Wayahudi walitia sumu visimani. Mjini Strasbourg, tarehe 14 Februari 1349, mamia ya Wayahudi walichomwa moto kwa uvumi huo. Papa Clement VI alikuwa ametoa hati ya kuwatetea, akisema wazi kwamba Wayahudi nao wanakufa kwa tauni hiyo hiyo. Unaweza kuandika kuhusu uvumi huo. Usithubutu kuufanya uwe kweli ndani ya hadithi yako, hata kwa kiini macho cha mwisho. Na kumbuka Uingereza ilikuwa imewafukuza Wayahudi tangu mwaka 1290, kwa hiyo Somerset ya Agnes haikuwa na jamii yao.

## Hatua ya 5: Chuja maneno ya dini

Tatizo hili ni letu sisi tunaoandika kwa Kiswahili, na mara nyingi msomaji huhisi kasoro bila kujua imetoka wapi. Msamiati wetu wa dini una nyumba mbili, ya msikiti na ya kanisa, na kila neno hubeba harufu ya nyumba lilimotoka. Nimesoma mswada ambamo maiti ya mtawa wa Kifaransa ilibebwa kwenye tusi, na pepo mchafu akaitwa jini. Hapo hapo nilitoka Ufaransa nikajikuta Lamu.

Kaa katika nyumba ya kanisa: paroko, altare, kitubio, mpako, toharani, maji ya baraka, masalia ya mtakatifu. Kwa kiumbe kiovu tumia "pepo" au "shetani".

Neno "mzimu" linahitaji uangalifu zaidi. Kwetu mzimu ni wa ukoo na hutulizwa kwa tambiko, mahali pake pakijulikana. Mfu wa Yorkshire anadai misa na haki ya jirani yake. Ukimwita mzimu, msomaji atasubiri pombe imwagwe chini. Sema "mfu", sema "roho ya marehemu", au, bora zaidi, mwite kwa jina alilokuwa nalo jana.

Kwa sauti ya masimulizi, fungua Zaburi ya 91 katika Biblia ya zamani: "Wala tauni ipitayo gizani, wala uele uharibuo adhuhuri." Watawa waliiimba zaburi hiyo kila usiku kabla ya kulala, kwa Kilatini. Neno "uele", yaani ugonjwa, limelala kwenye Kiswahili chetu likisubiri mwandishi wa kutisha aliamshe. Usilitumie zaidi ya mara mbili, litachakaa.

## Hatua ya 6: Jaza ukurasa wa Marufuku

Haraka haraka:

- Kinyago cha mdomo wa ndege: ni cha karne ya 17.
- Viazi, mahindi, nyanya, tumbaku: vilitoka Amerika, bado havijafika. Wape mkate wa shayiri, njegere, jibini, na pombe ya shayiri.
- Kuwasaka na kuwaunguza wachawi kwa wingi: ni mambo ya karne za baadaye.
- Jina "Kifo Cheusi": wao walisema "vifo vikuu" au "tauni" tu.
- Saa ya ukutani. Muda ni kengele na jua.

Nyumba usiihangaikie. Ni fito na udongo, paa la nyasi, moto katikati ya sakafu, moshi unatokea penye upenyo. Wengi wetu tumelala humo kwa bibi. Andika unachokijua: masizi darini, udongo unaomeguka ukutani, mnyama anayehema upande wa pili wa kizuizi.

## Hatua ya 7: Panda dalili kabla ya mavuno

Mfu asionekane kabla ya theluthi mbili za hadithi. Kabla ya hapo toa dalili tatu, kila moja iwe ya kawaida iliyokosea kidogo. Ya kwanza iwe na maelezo ya akili. Ya pili iwe na maelezo yanayoyumba. Ya tatu isiwe nayo kabisa.

Kengele ni chombo kizuri sana kwa kazi hii. Guillaume Durand, askofu wa karne ya 13 aliyeeleza taratibu za ibada, anasema kengele ya kifo hulia mara mbili kwa mwanamke, mara tatu kwa mwanamume. Mweleze msomaji desturi hii mapema, katika mazishi ya mtu asiye muhimu, kisha uiache. Halafu siku moja, bila kuieleza tena:

> Mpiga kengele alizikwa Jumatatu. Usiku wa Alhamisi kengele ililia. Agnes akaweka kijiko chini. Ikalia tena. Alisubiri ya tatu. Alisubiri mpaka uji ukaganda juu, na ya tatu haikuja. Akamtazama binti yake aliyelala kando ya moto. Kisha akaanza kuhesabu, polepole, kwa vidole, wanawake waliobaki kijijini. Hakufika kidole cha tatu.

Hakuna kivumishi cha kutisha hapo, wala "ghafla". Kazi yote imefanywa na hesabu. Ukikuta kwenye rasimu yako "sauti ya kuogofya ilisikika", ifute, uandike sauti hiyo ilifanya nini kwa kijiko.

Utajua umefaulu ukiweza kufuta kila neno "kutisha", "kuogofya" na "hofu" na hadithi isipungue kitu.

## Hatua ya 8: Uamini pamoja nao

Waandishi wengi humfanya padri awe mwovu au mjinga, na wale waliojichapa mijeledi barabarani wawe vichaa. Watu hao walikuwepo: mwaka 1349 vikundi vya wajichapao vilizunguka Ujerumani na Flanders, kila mmoja akitoa nadhiri ya siku 33 na nusu, hadi Papa akawapiga marufuku mwezi Oktoba. Lakini walikuwa wakijaribu kulipa deni la ulimwengu kwa ngozi zao wenyewe. Ukiwaandika kwa dharau, msomaji atakaa nje ya hadithi akiwatazama. Mpe padri wako wa kwanza kifo chema: aende kwa mgonjwa akijua, ainame asikie maungamo, arudi nyumbani akawashe mshumaa. Kukosekana kwake ndiko kutakakomliza msomaji baadaye, Agnes atakapoitwa mlango wa pili.

Katika rasimu ya pili, pitia kila tukio uulize: je, mhusika huyu angefanya hivi kama asingeamini? Ikiwa jibu ni ndiyo, imani yako ni pambo tu. Rudi hatua ya 3.

## Hatua ya 9: Malizia kabla ya mwisho

Usimwue kila mtu, usimwamshe mhusika ndotoni, wala usilete mtaalamu wa kueleza kila kitu. Agnes achague: avunje siri, au alibebe jiwe mwenyewe usiku, kwa mikono, kulirudisha mahali pake bila kusema neno. Mimi ningemfanya alibebe. Asubuhi ni Jumatano ya Majivu na hakuna padri wa kuyapaka. Mjane anaamka na kukuta shamba lake limekua kwa hatua nne, na karibu na jiwe kuna nyayo za watu wawili.

Ukikwama namna ya kukata, mkumbuke John Clyn, mtawa wa Kilkenny, Ireland. Mwaka 1349, akiwa amezungukwa na wafu, aliandika aliyoyaona, kisha akasema anaacha ngozi ya kuandikia kwa ajili ya kuendeleza kazi, endapo mwana yeyote wa Adamu atabaki hai. Chini yake, kwa mwandiko wa mtu mwingine, kuna maneno machache: hapa, inaonekana, mwandishi alikufa.

Fungua daftari lako uandike sentensi ya mwisho ya hadithi yako sasa hivi, kabla ya rasimu. Acha nusu ukurasa mtupu chini yake.